Hongera za Osea

Kuna watu wakikosa raha hulala. Osea Nzunda akikosa raha hutembea. Ijumaa ile, kabla Tunduma haijamaliza kunywa chai, alikuwa ameshakwenda mpakani akarudi, ameshapita sokoni akarudi, ameshasimama mlangoni kwake akatoa ufunguo, akaurudisha mfukoni na kuondoka tena. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani tangu juzi, madereva wanapika uji chini ya matela, wabadilisha fedha wanapunga vibunda vya kwacha. Katikati ya vurugu hiyo yote, mwanaume mzima wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi.

"Wewe Osea!" alimwita Mzee Othmani, mwenye nyumba wake. Mzee huyu aliuza matairi. Alihamia kutoka Tanga miaka mingi iliyopita, na lafudhi ya kwao hajaitupa mpaka leo. "Wazunguka hivyo, watafuta kibla? Si uniulize, nikuoneshe!"

Osea alicheka kicheko cha mdomoni tu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, na Zambia waondoka lini? Watu wenye kazi zao hawashindi barazani pangu wakihesabu malori."

Hapo ndipo palipomuuma. Kwa maana Tunduma nzima ilijua kwamba Osea amepata kazi Kitwe, kwenye mgodi wa shaba, cheo cha ofisa usafirishaji. Huko kwao Igamba, Mbozi, walijua zaidi ya Tunduma. Picha yake waliiona. Mtu pekee aliyejua kwamba hakuna kazi, wala mkataba, wala dalili ya mkataba, alikuwa Osea mwenyewe. Na asubuhi hiyo binamu yake Ferista, mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya kule Chitete, alikuwa amemtumia ujumbe: "Kaka, barua ya kuacha kazi nimeshaandika. Leo wenzangu wananiaga na tunaiombea. Jumatatu asubuhi naipeleka. Tutaonana Kitwe!"

Kazi ya serikali hiyo, jamani. Kazi ya kudumu, ambayo Ferista aliisubiri miaka mpaka vyeti vikaanza kuchakaa kwenye mkoba. Sasa aiache kwa sababu kaka yake amepiga picha. Niambie wewe, mtu atakaaje kitako?

Turudi nyuma kidogo, maana najua kuna watakaosema Osea alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na shahada ya ugavi, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika kampuni ya kugomboa mizigo hapo hapo mpakani. Nyaraka za forodha alizijua kama anavyojua njia ya kwenda bombani. Kisha wakubwa wa kampuni wakaamua tawi la Tunduma halina faida. Wakafunga, wakawapa watu mkono na kalenda. Osea akaanza kazi ile ngumu kuliko zote, ya kutafuta kazi. Kila ofisi anaambiwa acha namba, tutakupigia. Simu ikilia ni mama anauliza, au ni mtandao unamkumbusha kujiunga na kifurushi.

Ndipo akampata Mercy. Au tuseme Mercy ndiye aliyempata. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na mlangoni kuliandikwa "Ngazi ya Wataalamu: Tunaunganisha Wasomi na Waajiri." Ndani kulikuwa na zulia, feni, na maji ya kunywa ya bure, na Mercy mwenyewe, dada mmoja msafi, sauti laini, akikuita jina lako mpaka unajisikia mtu. Osea alikuwa hajaitwa "Bwana Nzunda" tangu kalenda zile zigawiwe.

"Bwana Nzunda, nafasi nzuri hazitangazwi," Mercy alimwambia siku ya kwanza. "Zile unazoziona kwenye magazeti ni makombo. Nafasi zenyewe zinapita kwa watu kama sisi. Tatizo lako siyo elimu. Sivii yako imekonda."

Imekonda! Basi ikanenepeshwa, kwa malipo. Ilipokwisha kunenepa, ikaonekana haiwezi kwenda hivi hivi, lazima ahamishiwe daraja la dhahabu. Ukiwa daraja la dhahabu, lazima vyeti vihakikiwe. Vikihakikiwa, kuna semina ya kujiandaa na usaili. Siku zote Osea alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kazi, na hatua ile ilikuwa na stakabadhi yake. Sitawahesabia alichotoa. Inatosha kusema pikipiki yake iliondoka, runinga ikaifuata, na bado alikuwa anashukuru.

Usaili wenyewe ulikuwa wa simu. Mercy alimwambia mkuu wa ajira wa mgodini atampigia saa nane kamili, kwa saa za Kitwe. Sasa, mtu wa Tunduma humdanganyi kwa saa. Ukivuka tu kuingia Nakonde, upande wa Zambia, unarudisha mshale nyuma saa nzima, na hata mtoto anayetumwa vitumbua ng'ambo atauliza kwanza, saa ya kwetu au ya kwao? Saa nane ya Kitwe ni saa tisa ya Tunduma. Osea akajipangia hivyo. Saa nane ya kwetu ilimkuta bafuni, ndoo mbele, povu masikioni. Simu ikalia juu ya ukuta.

"Bwana Nzunda, saa nane imetimia kama tulivyoahidi," ilisema sauti nzito ya mwanaume.

Osea alijibu maswali yote akiwa uchi, maji yanamchuruzika, na alijibu vizuri. Lakini alipokata simu alisimama pale pale mpaka povu likamkaukia. Mtu wa Kitwe gani huyu ambaye saa yake inakwenda sawa na saa ya msikiti wetu? Aliliona jambo lile, alilielewa, na moyo ukamwenda mbio. Kisha akajisemea, labda wamenifikiria mimi, wamehesabu kwa saa zangu. Watu wakubwa wana adabu. Akajimwagia maji.

Hilo ndilo linaloniudhi kwa Osea, nami nalisema ingawa nampenda. Alijua. Tangu siku ile ya povu alijua.

Wiki iliyofuata Mercy alimwita ofisini. Akamsimamisha mbele ya bango, akampa bahasha kubwa nyeupe yenye nembo. "Shika hivi, kaka Osea, kwa mikono miwili. Tabasamu. Ni kwa ajili ya faili tu." Osea akatabasamu. Bahasha ilikuwa nyepesi, akaikunjua kidogo kwa kidole gumba: ndani hakuna hata karatasi. "Mkataba wako unakuja na gari la wiki ijayo," Mercy alisema, akaipokea bahasha yake, akamwita kijana aliyekuwa akingoja kwenye benchi naye akapigwa picha na ile ile.

Jioni picha ilikuwa imeshaenea kwenye makundi yote ya wasapu ya wasomi wa mkoa. "Hongera Bwana Osea Nzunda, ofisa usafirishaji, Kitwe! Na wewe usibaki nyuma!" Simu ya Osea ilichemka. Waliosoma naye, waliomkopesha, hata msichana aliyemkataa zamani, wote hongera, hongera. Na mama yake, Gwantwa, alipiga simu akiwa anapiga vigelegele kabla hata ya kusema haloo.

"Mwanangu! Nimeiona! Wamenionesha kwenye simu! Yesu wangu, Yesu wangu!"

"Mama, subiri kwanza, ile..."

"Usiseme neno! Pokea! Sema napokea!"

Na hapa lazima mtu awajue watu wa kwetu. Huko Mbozi, mtu akikutamkia jambo jema, hulikatai. Akisema utajenga, unasema amina. Akisema mwakani utaoa, unasema napokea, hata kama huna mchumba wala mbuzi. Kulikana jambo jema lililotamkwa ni kulifukuza mlangoni, na kulikana mbele ya mama yako anayelia kwa furaha, nani ana moyo huo? Tena Osea alijiambia kwamba hasemi uongo. Anapokea kwa imani. Kazi ipo njiani, yeye anatangulia kuitikia tu.

"Napokea, mama," alisema.

Jumapili mama alimtaka kanisani Igamba. Akasimamishwa mbele, akaombewa, wazee wakamshika kichwa. Kila lililotamkwa aliliitikia. Amina. Napokea. Napokea. Alitoka pale amelowa jasho, na mama akabandika picha ile ukutani, pembeni ya picha ya marehemu baba.

Siku chache baadaye Ferista alimpigia. Huyu alikuwa binti wa mjomba wake, mdogo wake kwa umri, msichana wa kuuliza mambo mpaka mwisho, kama watu wa maabara walivyo.

"Kaka, wale watu wa Ngazi ya Wataalamu wameniambia kuna nafasi ya maabara kwenye zahanati ya mgodi ule ule wako. Ila wanataka kwanza niache kazi huku, wasije wakalaumiwa wamechukua mtumishi wa serikali. Nataka kukuuliza wewe, maana wewe ndugu yangu hutanificha. Ni kweli wamekupa kazi?"

Osea alikuwa mpakani, lori linapiga honi nyuma yake. Alifungua mdomo. Akaiona picha yake ukutani kwa mama.

"Mungu ni mwema, mdogo wangu," alisema.

"Kila wakati!" alijibu Ferista, na sauti yake ikachangamka. "Basi nimeelewa, kaka. Asante."

Akakata. Na tangu siku hiyo Osea hakulala vizuri, hakula vizuri, na viatu vyake vilianza kuisha upande mmoja.

Sasa turudi Ijumaa. Alimpigia Ferista mara nyingi, haipatikani. Chitete mtandao ukitaka unakuja, usipotaka basi. Akapanda ngazi za juu ya duka la magodoro, mbili mbili.

"Mercy, ile nafasi ya Ferista ni ya kweli au siyo ya kweli?"

Mercy alimtazama kwa utulivu, akafunga mlango. "Kaka Osea, keti kwanza."

"Sikai."

"Haya, simama. Umedhurika nini wewe? Watu wanakuheshimu sasa. Mama yako ana furaha. Hakuna aliyekuambia useme chochote, na wewe hukusema chochote. Sisi tunauza matumaini, na wewe unajua yalivyo adimu mji huu."

"Anaacha kazi ya kudumu! Kwa sababu ya sura yangu!"

"Ndiyo maana nataka kuzungumza na wewe." Mercy akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, kile chenye magurudumu. "Tunafungua tawi Vwawa mwezi ujao. Namhitaji mtu ambaye watu wa Mbozi wanamwamini. Mratibu wa wateja. Mshahara kila mwezi, kadi yenye jina lako, ofisi. Siyo Kitwe, lakini ni kazi, kaka. Kazi kweli kweli. Uanze Jumatatu, hapa hapa kwanza."

Na unajua nini? Osea alikitazama kile kiti. Sitamficha. Alikitazama, akajiona amekaa, shati hili hili, watu wanapanda ngazi wanamwita Bwana Nzunda. Kazi aliyoililia ilikuwa mbele yake, imevutwa tayari, na bei yake ilikuwa kuendelea kunyamaza, jambo ambalo alishakuwa fundi wake. Mkono wake uligusa mgongo wa kiti, magurudumu yakasogea kidogo.

"Nitafikiri," alisema, akatoka.

Nitafikiri! Binamu yake anaandaliwa kuzikwa hai, yeye atafikiri. Alizunguka mji mara nyingine. Alivuka kwenda Nakonde bila haja yoyote ya kuvuka, akasalimiwa "mwapoleni" na mama muuza karanga, hakuitikia, akarudi. Mwishowe miguu ikamleta barazani kwa Othmani, na mdomo ukafunguka wenyewe. Akamwaga yote: saa nane, bahasha, napokea, Ferista, kiti cha magurudumu.

Othmani alisikiliza huku anapima upepo wa tairi. Osea alipomaliza, mzee akaweka kipimo chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Sasa umekuja kuniambia mimi. Mimi ndiye niachaye kazi?"

Osea akaketi juu ya tairi moja.

"Mimi nauza matairi, Osea. Nikikuambia pole, huyo dada yako wa Chitete atasikia? Umeingizwa mjini, sawa, wengi tumeingizwa. Mimi mwenyewe nilipokuja huku niliuziwa gari la mtu mwingine. Lakini wewe sasa wataka kuwa mwingizaji, na wataka mimi nikuambie ni sawa kwa kuwa una njaa." Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa pikipiki, akamrushia. "Uirudishe na mafuta. Na huko njiani usizunguke, barabara ni moja."

Barabara ya Chitete wakati wa masika si ya kusimulia. Matope, mashimo, halafu matope tena. Osea alianguka, akanyanyuka, shati jeupe likawa la rangi ya udongo. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno. Nitamwita pembeni. Nitamwambia taratibu. Nitasema kumetokea mabadiliko kidogo mgodini. Alipofika hapo akajitukana kwa sauti, akiwa peke yake porini, kwamba hata sasa, hata sasa bado unatafuta pa kupitia!

Alipofika Chitete jua lilikuwa limeshapinda. Uani kwa Ferista kulikuwa na viti vya plastiki, kreti za soda, sufuria mbili jikoni, moja ya wali na moja ya kuku. Wauguzi wenzake walikuwepo, majirani walikuwepo, na mwinjilisti mwenye koti. Ferista mwenyewe alikuwa amevaa kitenge kipya, na mkononi ameshika Biblia, barua imechungulia katikati ya kurasa. Alipomwona Osea alipiga kigelegele.

"Huyu hapa! Huyu hapa kaka yangu niliyewaambia! Mmemuona kwenye picha, sasa mwoneni mwenyewe! Kaka, umekuja na matope yote hayo kwa ajili yangu?"

"Ferista, njoo kidogo pembeni."

"Pembeni ya nini, kaka? Hawa wote ni ndugu. Sema hapa hapa!"

"Basi imekuwa vizuri," alisema mwinjilisti, akisimama. "Kabla hatujaiombea barua hii, shahidi mwenyewe Bwana amemleta. Kaka Osea, tupe ushuhuda."

Watu wakapiga makofi. Osea akajikuta amesimama katikati ya ua, macho yote kwake, tope linamkauka usoni. Mdomo ukaanza wenyewe, kwa mazoea.

"Mungu ni mwema."

"Kila wakati!" ua wote ukaitikia.

Na hapo angeweza kukaa. Nawaambia kweli, angeweza kukaa, akapewa soda, na kila mtu angeridhika. Kile kiti cha magurudumu kilikuwa bado kinamngoja juu ya duka la magodoro. Ferista alikuwa anamtazama anatabasamu, meno yote nje, hana wasiwasi hata chembe.

"Sina kazi," Osea alisema.

"Amina!" mama mmoja wa nyuma akaitikia, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Sina kazi Kitwe. Sina kazi popote. Ile bahasha kwenye picha ilikuwa tupu, na aliyenifuata alipigwa picha na hiyo hiyo. Aliyenisaili kwa simu hayuko Kitwe, nadhani hajawahi hata kuvuka mpaka. Wanakula hela za watu hatua kwa hatua, na mimi wamenila, na picha yangu ndiyo chambo chao. Leo wameniambia wataniajiri niwaletee wengine. Hiyo barua, Ferista, usiipeleke. Ukiipeleka hutakuwa na kazi huku wala huko."

Wali ulikuwa unachemka, kifuniko kinagongagonga. Mwinjilisti alikaa taratibu. Ferista hakulia, hakupiga kelele. Tabasamu lilimwondoka kidogo kidogo, akabaki anamtazama Osea kama anayetazama kitu kwenye darubini.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikupigia simu kwa mkono wangu, nikakuuliza kwa mdomo wangu. Ukanijibu nini?"

"Nilikuambia Mungu ni mwema."

"Sikukuuliza habari za Mungu, kaka," alisema Ferista. "Nilikuuliza habari zako."

Hakuna kofi ambalo lingemuuma vile. Osea alisimama pale, mikono inaning'inia, na kwa mara ya kwanza katika majuma yote yale hakutamani kwenda mahali popote. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio, na akaiacha imchome.

Ferista akaitoa barua kwenye Biblia. Hakuichana. Aliinama, akaichomeka chini ya sufuria ya wali, kati ya kuni, akaipulizia mpaka ikashika. Kisha akajipangusa mikono kwenye kitenge chake kipya na kuwageukia wageni.

"Kaeni mle," alisema, sauti imekauka. "Kuku hawafufuki."

Watu wakala, wakiwa wanaongea chini chini kama walio msibani. Osea alipewa sahani, akaishika tu. Ferista akaja, akasimama mbele yake, akamnyooshea simu yake mwenyewe. Mtandao, kwa ukorofi wake, sasa ulikuwepo.

"Mpigie shangazi."

"Nitakwenda nimwambie ana kwa ana."

"Utazunguka. Mpigie sasa, nikiwa nasikia."

Akapiga. Gwantwa alipokea kwa furaha yake ile ile. "Ferista! Umeshapeleka barua, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Ni Osea. Mama, sina kazi. Sikuwahi kupata kazi. Ile picha ni ya uongo, na mimi nilijua."

Upande wa pili wakasikika kuku uani kwa mama, na mtu anatwanga kwa mbali. Osea alingoja alie, au amlaani. Mama hakufanya lolote kati ya hayo.

"Na Judith?" aliuliza mwishowe.

"Judith yupi, mama?"

"Judith wa Anyelwisye, hapa jirani. Mwalimu. Juzi amekwenda kwa wale waliokupiga picha, na shuleni ameaga. Jana ameaga, Osea. Mimi ndiye niliyempeleka kwa mkono. Nilimwambia mwanangu alikwenda pale akapata." Sauti ilianza kutetemeka. "Sasa hivi namuona hapo kwao anafunga begi."

Osea alifumba macho. "Mama, mwambie..."

"Mimi nimwambie? Mimi?" Gwantwa alisema. "Picha iliyoko ukutani ni yako. Njoo umwambie mwenyewe."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni mama. Ferista alikuwa amesikia yote. Alimwondolea Osea sahani mikononi, akafunga mapaja mawili ya kuku kwenye jani la mgomba, akamtilia mfukoni bila kumtazama usoni. Osea alipowasha pikipiki, Ferista alikuwa ameshageuka, anawagawia watu soda.

Alilala njiani, na Jumamosi asubuhi alikuwa Igamba, anasukuma pikipiki ya Othmani kwenye kilima kati ya mibuni iliyolowa umande. Hakupita kwanza kwa mama. Alikwenda moja kwa moja kwa Anyelwisye. Begi jekundu lilikuwa barazani, limefungwa kamba. Judith alitoka ndani akiwa na kitana kichwani, msichana mwembamba mwenye macho makubwa, na alipomwona akaruka ngazi ya mlango.

"Kaka Osea! Yaani hongera sana, kaka! Hongera! Na mimi nakuja huko huko!"

Mikono yake yote miwili ilikuwa imenyooshwa kumpa mkono. Osea aliisimamisha pikipiki, akavua kofia.

"Usinipe hongera, Judith," alisema. "Mwite mama yako, kisha lete viti, tukae."